Sanduku la kufuli tatu: linafaa kikundi cha kupinga ubaguzi?

Kuna vikundi vya kupinga ubaguzi vinavyoonekana mara mbili tu kwa mwaka: tarehe 21 Machi, siku ya kimataifa ya kutokomeza ubaguzi wa rangi, na tarehe 13 Juni, siku ya watu wenye ualbino. Siku hizo fulana zipo, mabango yapo, viongozi wanahutubia. Ikifika Julai hakuna anayeitisha kikao. Moyo wanao. Wanachokosa ni nauli ya bodaboda kwenda Nanyamba au Kitaya, mkoani Mtwara, kumsikiliza mama anayesukumwa nyuma ya foleni kisimani kwa sababu lafudhi yake ni ya ng'ambo ya mto Ruvuma, yaani Msumbiji, na nauli ya kurudi tena wiki mbili baadaye kuona kama aliyoahidi mwenyekiti wa kijiji yametekelezwa. Safari hiyo ya pili ndiyo hukosekana.

Kwa hiyo tumekipima kifaa ambacho kina mama wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana, wanakijua vizuri kuliko wanaharakati: sanduku la chuma la kufuli tatu la kutunzia michango, linalotengenezwa na mafundi wa kuchomelea mjini Mtwara na Masasi.

Lenye urefu wa sentimita 45, upana 30 na kina 20 linatosha madaftari ya wanachama 30, muhuri na kidau chake cha wino, kikokotoo na bakuli mbili za kuhesabia fedha. Agiza bati la milimita 1.2. Usipotaja unene unaweza kupewa la 0.8, na hilo mtu akilikalia mara moja mfuniko unapinda, tumbuu hazikutani, kufuli ya katikati haiingii. Bawaba zichomelewe kwa ndani. Za nje zinakatwa kwa tindo bila hata kugusa kufuli. Halafu kuna chumvi ya bahari. Kutu huanzia kwenye mshono, hasa fundi akipaka rangi ya mafuta bila kuusugua mshono kwa brashi ya waya na bila kutanguliza rangi ya kuzuia kutu. Msichukue sanduku lililokwisha pakwa rangi. Nendeni mlione likiwa tupu, mpitishe kidole kwenye mishono, ndipo lipakwe. Kufuli ziwe za shaba, na kila mwezi zitiwe tone la mafuta ya cherehani.

Uzuri wa kifaa hiki ni kwamba funguo tatu zinakaa kwa watu watatu wasio wa nyumba moja, na sanduku linakaa kwa mtu wa nne. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake, na hakuna anayeweza kusingiziwa kwamba alilifungua peke yake. Hili la pili lina uzito wake. Kikundi kinachokemea ubaguzi hakikosi wasiokipenda, na uvumi wa fedha ni njia rahisi ya kukivunja. Fedha ikihesabiwa kwa sauti mbele ya wote, mwanzo na mwisho wa kikao, hata asiyejua kusoma anaondoka na jumla kichwani.

Lakini hapohapo pana kasoro yake kubwa. Mshika ufunguo mmoja akienda shambani, akifiwa, au akiwa na mwali wa unyago nyumbani, sanduku halifunguki na kikao kimekufa. Vikao viwili vikifa mfululizo, watu huanza kuzoea kutokuja. Dawa yake iandikwe kwenye katiba ya kikundi: kila mshika ufunguo ana naibu anayejulikana kwa jina, na ufunguo unamfikia naibu kabla ya safari. Funguo za akiba zifungwe kwenye bahasha iliyotiwa saini na watatu wote, ikae kwa mtu asiye mwanachama anayeaminika.

Kosa jingine ni kuchanganya fedha. Kikundi kinanunua hisa, kinakopeshana, mwisho wa mzunguko kinagawana, na fedha ya harakati inagawanywa humohumo. Mwaka mpya unaanza na sanduku tupu. Mwambieni fundi aweke ndani kijisanduku chenye kufuli yake, kwa ajili ya mfuko wa kazi peke yake, na daftari lake liwe tofauti. Wanachama 25 wakitoa shilingi 500 kila wiki, wiki nne ni 50,000. Fedha hiyo isikopeshwe kwa mtu yeyote. Ni ya nauli, fotokopi, na chakula cha shahidi aliyeacha kibarua chake kuja kutoa maelezo. Hisa ndizo zikopeshwe, tena karibu zote, maana sanduku lenye fedha nyingi usiku ni mwaliko kwa mwizi.

Kiwango kifuate msimu. Korosho zikiuzwa mnadani kuanzia Oktoba na malipo yakaingia, pandisheni mchango hadi 1,000. Kuanzia Machi rudini 500, hata 200, ila kikao kisirukwe. Kung'ang'ania kiwango kimoja mwaka mzima kunawafukuza wale maskini, ambao mara nyingi ndio wanaobaguliwa. Michango midogo isiyokatika hufika mbali: watu weusi waliogomea mabasi ya Montgomery, Marekani, kupinga kutengwa kwa rangi, walidumu siku 381 kuanzia 5 Desemba 1955, na sehemu ya gharama za usafiri wao ilitoka kwenye michango ya mikutano ya kanisani na kwenye vyakula alivyouza mpishi Georgia Gilmore na wanawake wenzake.

Matumizi ambayo watengenezaji hawakuyafikiria, nasi tunayapa alama zote, ni kutunza daftari la matukio ya ubaguzi. Safu sita zinatosha: tarehe, mahali, maneno au kitendo chenyewe, aina ya ubaguzi, aliyepewa taarifa, na tarehe ya kurudi. Aina ichukuliwe kwenye Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(5): utaifa, kabila, pahala mtu alipotokea, maoni ya kisiasa, rangi, dini, jinsia, hali ya maisha. Kwa mwenye ualbino ongezeni Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010. Msiandike jina la aliyeonewa. Andikeni namba, na orodha ya majina ikae kwenye bahasha ndani ya kile kijisanduku. Safu ya mwisho isomwe kila kikao kabla ya kuhesabu fedha. Ikisomwa baada ya hapo, watu wameshaanza kuaga.

Akaunti ya kikundi kwenye simu ni salama zaidi dhidi ya wezi, na inafaa kwa wanachama waliohamia Dar es Salaam. Haiwalazimishi watu kukutana, na kwetu hiyo ni hasara kubwa kuliko wizi. Pia kumbukeni kwamba mkianza kuweka na kukopeshana, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inawataka mjisajili kupitia halmashauri, katika daraja la nne, lile la vikundi vya kijamii. Lengo la kupinga ubaguzi liandikwe kwenye katiba tangu siku hiyo, ili mfuko wa kazi usije ukahojiwa baadaye.

Tunalipatia sanduku hili nyota nne kati ya tano. Ya tano imepotea kwenye bati la 0.8 na ule mshono usiosuguliwa.