Uzoefu wangu: alama za uwezo katika kanuni za bure za Dungeons & Dragons

Nilizichukua kanuni hizi kwa kuwa ni za bure, sikufichi. Toleo la tano la Dungeons & Dragons lilipotoka mwaka 2014, lilikuja na kanuni za msingi unazozipakua bila kulipa kitu, na mtu aliyeko Unguja haanzi kuhangaika kuagiza vitabu vizito kutoka nje. Kurasa za kuunda mhusika nilizichapisha stationari, nyingine tunazisoma kwenye simu. Hapa nasemea sehemu moja tu, nayo ni zile namba sita anazozaliwa nazo mhusika: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na haiba.

Kwa asiyeujua mchezo: mmoja anasimulia kisa, waliobaki kila mtu ana mhusika wake. Ukitaka kufanya jambo lenye shaka, kama kuruka ukuta au kumlaghai askari, unarusha dadu ya pande ishirini na kuongeza au kupunguza kiasi kinachotokana na uwezo wako. Kwa hiyo namba hizo ukizipanga ovyo, utazibeba kisa kizima.

Kanuni zinaanza na dadu. Unarusha dadu nne za pande sita, iliyo ndogo unaitupa, tatu unazijumlisha, unarudia mpaka upate namba sita. Dadu za ludo zinatosha kabisa. Wastani unapita 12 kidogo. Kwa dadu tatu tupu, mtindo uliokuja na mchezo wenyewe mwaka 1974, wastani ni 10.5, na 18 unaipata mara moja katika 216.

Utamu wake usiulize. Mwenzetu mmoja alirusha 6, 6, 5 na 2. Ile 2 ikatupwa, 17 hiyo, baraza zima likapiga ukelele. Binamu yake aliyekaa ubavuni namba yake kubwa ilikuwa 13, na moja ikamtoka 5, akaitia kwenye nguvu. Sasa piga hesabu. 17 inakupa nyongeza ya 3, na 5 inakukata 3. Wawili hawa wakisukuma mlango mmoja wamepishana kwa 6, na kwenye dadu ya pande ishirini kila moja ni asilimia 5. Asilimia 30 nzima, na si kwa usiku ule tu. Binamu hakunung'unika, ila haukupita muda akawa kila tukikutana ana udhuru.

Halafu kuna la kwetu wenyewe. Tunacheza barazani baada ya isha, na mzee mmoja jirani alipoziona dadu alisimama. "Wanangu, ndo kamari hiyo?" Tukamwonyesha makaratasi, tukamwambia hakuna hata shilingi inayotoka mfukoni. Akasema haya, lakini dadu hizo hazimpendezi. Tangu siku hiyo dadu ya pande ishirini tunairusha kwa programu ya simu. Dukani nako hatukuiona.

Asiyetaka bahati kanuni zimempa seti tayari: 15, 14, 13, 12, 10 na 8, unazigawa utakavyo. Kwa mgeni wa mchezo hiyo inatosha, hapana haja ya maneno mengi.

Njia iliyonivutia zaidi ni ya kununua. Unapewa pointi 27, kila uwezo unaanzia 8, na mwisho wa kupanda ni 15. Kutoka 8 mpaka 13 kila hatua ni pointi moja, lakini 14 inafika 7 na 15 inafika 9. Ukibobea unalipa zaidi, na hapo ndipo ninapoona akili ya waliobuni. Ile seti tayari nayo ukiipigia bei inatoka 27 barabara. Atakaye anaweza kununua 15 tatu, akabaki na 8 tatu, na vijana wengi hufanya hivyo: wanatupa haiba, wanatupa busara, wanajaza misuli.

Kwetu hilo liliwatokea puani. Kisa chetu ni cha jahazi linalotoka Malindi ya hapa Unguja kwenda Pemba, na nahodha wetu alikuwa na haiba 8. Kufika Mkoani hamali wakamgomea, afisa wa bandari akamzungusha, na kila akifungua mdomo anakatwa 1. Kitabu kinauza uwezo wote sita bei moja, lakini thamani yake inategemea kisa. Msimulizi awaambie watu mapema wanaingia vitani au sokoni, kabla hawajanunua.

Lawama yangu kubwa ni namba witiri. Nyongeza inabadilika kila baada ya namba mbili, hivyo 14 na 15 zote zinakupa 2. Umelipa pointi mbili zaidi, na kwa sehemu kubwa ya mchezo hupati kitu. Faida inakuja ukipata pa kuongezea: binadamu wa kawaida katika kanuni hizi anapewa 1 kwenye kila uwezo, na mhusika wako akikua mpaka daraja la nne unaletewa 2 za kuongeza. Kabla ya hapo 15 ni pambo. Mimi ningeiacha ile namba kubwa, nikabaki na nyongeza peke yake, maana hiyo ndiyo inayofanya kazi. 3 mpaka 18 ni urithi wa zile dadu tatu za zamani.

Siku hizi tumechanganya, na kitabuni hamna hili. Kila aliyepo anarusha dadu zake nne mara moja, zamu zinaendelea mpaka namba sita zitimie, na wote tunatumia namba hizo hizo, kila mtu akizipanga anavyojua. Kelele za dadu zipo, wivu haupo. Mara ya mwisho zilitoka 16, 14, 14, 11, 9 na 7, na nusu saa nzima ilikwenda kwa ubishi wa wapi pa kuitia ile 7. Binamu kaitia kwenye ustahimilivu, kwa hiyo ana mchawi anayetapika kila bahari ikichafuka, na hakosi kuja.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya zile witiri.