FPL: Kabla hujanunua mchezaji wa bei ya kati, hesabu dakika zake

FPL (Fantasy Premier League) ni ule mchezo wa mtandaoni ambapo unaunda kikosi cha wachezaji wa Ligi Kuu ya England kwa pesa za kubuni, nao wanakupa pointi kwa wanachofanya uwanjani. Malalamiko ya wasomaji msimu huu yanafanana mno: nimenunua winga wa milioni saba, timu kubwa, kanipa pointi moja, na beki niliyemwacha benchi ana pointi tisa. Kwa hiyo leo ni zamu ya wachezaji wa pauni milioni 6.0 hadi 8.0. Wale ghali kila mtu anawajua.

Mabao, pasi za mabao na ratiba naviacha, vimeandikwa mpaka basi. Kasoro ninayotaka muiogope ni dakika. Na simaanishi mchezaji asiyecheza kabisa, maana huyo hana madhara makubwa: asipokanyaga uwanja, mfumo wenyewe unamwingiza mtu wa akiba. Wa kuogopwa ni yule anayeingia dakika ya 86. Anaokota pointi moja, nafasi yake imeshajazwa, na yule wa benchi anabaki na pointi zake tisa zisizokusaidia kitu. Kwangu mimi huyo ni mbaya kuliko majeruhi.

Anamfuatia anayetolewa dakika ya 58. Chini ya dakika 60 unapewa pointi moja badala ya mbili, na kiungo anakosa pointi yake ya klini shiti, yaani ya timu yake kutofungwa bao. Tangu msimu wa 2025/26 zipo pia pointi mbili za kazi ya ulinzi: kiungo au mshambuliaji huzipata akifikisha vitendo 12 vya kukaba, kuzuia, kuondosha hatari, kunasa pasi na kurudisha mpira. Anayetolewa mapema kila wiki hafiki huko.

Chaguo langu la kwanza ni mpiga penalti wa timu isiyocheza Ulaya. Hapa sifichi: naipenda Brentford. Msimu wa 2024/25 Ivan Toney alipokwenda Saudi Arabia, penalti zikawa za Bryan Mbeumo, aliyeanza msimu kwa 7.0. Alicheza mechi zote 38, akafunga mabao 20, akamaliza na pointi 236. Pembeni yake Yoane Wissa wa Kongo, wa milioni 6.0 tu, alifunga 19. Mwaka 2025 wakauzwa wote wawili, na Igor Thiago akaanza msimu kwa 6.0 akiwa ndiye mpiga penalti. Klabu hiyo haikuwa na mechi ya katikati ya wiki huko Ulaya, kwa hiyo kocha hakuwa na sababu ya kumpumzisha mfungaji wake. Hilo ndilo ninalolinunua kwanza, bao ni nyongeza.

La pili ni mawinga wa timu kama Bournemouth. Antoine Semenyo alianza 2025/26 kwa 7.0, na mechi ya kwanza tu akafunga mawili Anfield, nyumbani kwa Liverpool. Lakini Januari 2026 alihamia Manchester City, na hapo hesabu inaanza upya. Miguu ni ileile, ila sasa kuna mawinga wengine wanaoitaka nafasi hiyohiyo. Crystal Palace nayo ilikuwa duka langu zuri mpaka msimu wa 2025/26 ilipoingia Conference League, mashindano ya Ulaya, na kuanza kucheza Alhamisi. Ismaïla Sarr wao, aliyeanza msimu huo kwa 6.5, nilimkubali, ila kabla ya kumchukua nilitazama kwanza alicheza dakika ngapi Alhamisi hiyo.

Wa mwisho kabisa ni wachezaji wa bei ya kati wa timu kubwa. Mwaka 2024/25 Arsenal walikuwa na Trossard na Martinelli, wote 7.0, wote wakigombea upande wa kushoto. Ukimchukua mmoja, mwenzake ndiye anayekula dakika zako. Jina la klabu linawavuta watu wengi sana hapa, na inaniuma, kwa sababu historia ya dakika ipo wazi kwenye ukurasa wa kila mchezaji. Fungua mechi zake zilizopita. Ukikuta 90, 61, 12, 90, 4, muache.

Wa chini ya 5.5: chukua anayeanza kila wiki, basi.

Ndiyo, najua mtaniambia wa bei ya chini naye huweza kulipuka: Cole Palmer alikuwa wa 5.0. Alitua Chelsea Septemba 2023, akafunga mabao 22 ya ligi, pointi 244. Msimu uliofuata wakampandisha hadi 10.5! Na bei yenyewe haina huruma: ukimnunua mtu kwa 7.0 akapanda hadi 7.3, ukimuuza unapata 7.1. Laki mbili zimepotea, na wewe ndiye uliyemgundua mapema. Bei zenyewe hubadilika usiku wa manane, Afrika Mashariki imelala.

Halafu wapo wanaouza "kikosi cha uhakika" kwenye makundi ya WhatsApp, unalipa kwa simu, unatumiwa orodha iliyojaa majina ya timu kubwa. Hakuna hata mmoja wao anayeandika dakika. Msiwalipe.

Wala msikimbilie kununua Jumanne usiku eti bei inapanda laki moja. Subirini mikutano ya makocha na waandishi kabla ya mechi. Kocha akisema mchezaji "atapimwa kesho", tunza transfa yako, yaani nafasi yako ya kubadilisha mchezaji bure, maana siku hizi unaweza kulimbikiza hadi tano, na kuzidisha hata moja kunakukata pointi nne.