Uzoefu wangu: duka la shela nililolichagua Dar es Salaam na sababu za kulichagua

Anayekodi shela la harusi, kama tunavyofanya wengi wetu hapa Dar es Salaam, anapaswa kulichunguza duka kabla ya kulichunguza gauni, kwa sababu gauni analolijaribu mwezi Agosti litakwenda kanisani na ukumbini na mabibi harusi wengine kadhaa kabla ya Jumamosi yake ya Desemba kufika. Mimi nilifunga ndoa Desemba, na shela langu nilikodi katika duka moja dogo la Sinza ambalo niliridhika nalo sana. Kabla ya kufika hapo nilipita maduka ya Kariakoo na Kinondoni, mengine makubwa na yenye vioo vya kupendeza kuliko hilo. Sitataja majina, maana wahudumu hubadilika na wamiliki pia hubadilika, lakini mambo ya kuangaliwa ni yale yale popote utakapoingia.

Mama alitamani nishonewe, kama yeye alivyoshonewa, na kwa mwenye fundi anayemwamini hiyo bado ni njia nzuri. Hata hivyo, mafundi wanaoweza kushona kifua cha shela kikasimama chenyewe, kisha wakakitandika lesi bila kuacha mikunjo, si wengi, na hao waliopo huwa wameshapokea kazi za Desemba tangu katikati ya mwaka. Kuagiza China kwa mtandao nako nilikufikiria, kwa kuwa mji wa Suzhou umejaa viwanda na maduka ya magauni ya harusi na bei zake zinavutia. Kilichonizuia ni vipimo: namba za magauni ya harusi mara nyingi hazilingani na namba za nguo za kawaida, kiasi kwamba anayevaa namba 12 siku zote anaweza kuhitaji 14 au hata 16, na gauni likifika limebana muda wa kulirudisha huwa haupo tena. Nikaamua kukodi. Bei nilizotajiwa zilianzia kama shilingi 200,000 kwa magauni yaliyokwisha kutumika sana, zikapita shilingi 1,000,000 kwa yale yaliyoingia karibuni.

Katika duka la Kariakoo nilipata shela lenye mikono mirefu ya lesi lililotupendeza sote, mimi, mama na msimamizi wangu. Nilipomwomba mhudumu aniandikie tarehe, alitaka kwanza nitume nusu ya fedha kwenye namba yake binafsi ya simu, akasema tarehe yangu ataikumbuka. Nikamuuliza shela hilo lingetoka Jumamosi zipi kabla ya yangu, naye akajibu kwamba nisiwe na wasiwasi, yapo mengine yanayofanana nalo. Jibu hilo lilinitosha kuondoka. Jirani yetu mmoja aliahidiwa hivyo hivyo katika duka jingine, na Ijumaa jioni akakabidhiwa gauni ambalo hakuwahi kulivaa hata kulijaribu, kwa sababu lile alilolichagua lilikuwa limetoka na bibi harusi mwingine. Alilivaa, angefanya nini? Wageni walikuwa wameshasafiri kutoka Mbeya.

Kinondoni sikukaa sana. Huko walitaka nichukue kila kitu kwa pamoja, yaani shela, suti ya bwana harusi, nguo za wasimamizi, saluni na mapambo ya gari, na nilipoomba wanitajie bei ya shela peke yake walisema hawauzi huduma vipande vipande. Utaratibu huo unaweza kumfaa mtu asiye na wa kumsaidia, lakini usipojua bei ya kila kitu, huwezi kujua ni kipi unalipishwa zaidi.

Duka la Sinza lilikuwa na daftari, na daftari hilo ndilo lililonishawishi kuliko gauni lolote. Ni daftari kubwa lenye jalada gumu, ambamo kila shela lina kurasa zake: namba iliyoshonwa kwenye bitana upande wa mgongoni, picha ndogo iliyobandikwa, kisha mistari inayoonesha tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi, hali liliyorudi nayo na siku lilipofuliwa. Mwenye duka alipokuwa akinionesha kurasa za shela nililolipenda, aliyafunika majina ya wateja kwa karatasi, jambo lililonifanya niamini kwamba hata jina langu halitaoneshwa kwa kila anayeingia. Niliona kwamba mara moja shela hilo lilirudi na tope kwenye pindo, na kwamba Jumamosi iliyofuata iliachwa wazi ili lisafishwe na kukauka.

Anayelijua jiji hili ataelewa uzito wa mstari huo mmoja. Mvua za vuli hunyesha kuanzia Oktoba hadi Desemba, na hicho ndicho kipindi ambacho harusi zinafuatana hadi Krismasi. Shela likivaliwa Jumamosi hurudi dukani Jumapili au Jumatatu, na kama limeahidiwa tena kwa Jumamosi inayofuata, kazi yote ya kufua, kukausha, kushona shanga zilizodondoka na kupiga pasi inapaswa kufanyika ndani ya siku hizo chache. Neti zenye tabaka nyingi zikikunjwa zikiwa na unyevu, katika hewa yetu ya pwani, hupata madoa ya ukungu ambayo ni vigumu sana kuyaondoa. Kwa hiyo nilimwomba mwenye duka aiache wazi Jumamosi inayotangulia ya kwangu. Alikubali kwa nyongeza ya shilingi 50,000, akaandika mbele yangu, nami nikalipa kwa moyo mkunjufu, kwa sababu sikuona fedha nyingine katika bajeti yote ya nguo iliyonunua utulivu mkubwa kiasi hicho.

Jambo la pili lililonifanya nibaki pale ni fundi. Katika maduka mengi niliyopita, anayekuvisha ni msichana wa mapokezi, na fundi ni mtu wa mbali anayeitwa kwa simu pindi mambo yanapoharibika. Pale Sinza fundi ni mama wa makamo ambaye cherehani yake iko nyuma ya pazia la chumba cha kujaribia, na yeye ndiye anayevisha. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniambia, "Simama unavyosimama siku zote, mwanangu, usivute tumbo ndani. Siku yenyewe utakula, utacheka, utapumua." Swali lake lililofuata lilikuwa kama nimekuja na viatu. Nilikuwa nimekuja navyo, na namshauri kila bibi harusi afanye hivyo, kwa maana pindo la mbele linatakiwa kuning'inia juu kidogo ya sakafu, kama sentimita 2, na tofauti ya kisigino kifupi na kirefu inatosha kukufanya ukanyage gauni lako mwenyewe mbele ya waumini.

Mama huyo alinieleza mambo ambayo hakuna muuzaji mwingine aliyenieleza. Shela linalofungwa kwa kamba mgongoni linaweza kubanwa au kulegezwa bila kuguswa na mkasi, na kwa hiyo linamfaa mtu ambaye mwili wake unaweza kubadilika kati ya siku ya kujaribu na siku ya harusi. Lenye zipu linategemea akiba ya kitambaa iliyoachwa ndani ya mshono, na akiba hiyo ikiwa ndogo hakuna fundi anayeweza kuongeza kiuno. Kama pindo la chini limezungushiwa lesi, haliwezi kukatwa ovyo, na kulifupisha kunahitaji kazi ya kiunoni, ambayo shela la kukodi halifanyiwi. Marekebisho ya gauni la kukodi ni ya kupiga bandi, yaani mishono ya muda inayofumuliwa gauni likirudi, na ubora wa fundi unaonekana hapo hapo: bandi nzuri haionekani kwa nje na haikatiki unapocheza.

Kisha akanifanyia jaribio ambalo sikulitarajia. Alinitaka niketi, niinue mikono kama ninayemkumbatia mtu mrefu, nipande kigoda kana kwamba naingia kwenye gari, na mwishowe nipige magoti, kwa sababu kanisani ningepiga magoti wakati wa kubarikiwa. Nilipopiga magoti, goti langu lilikanyaga tabaka la ndani, na nilipotaka kuinuka kifua kizima kilivutwa chini. Aliweka pini, akalifupisha tabaka hilo la ndani kwa bandi, akanitaka nipige magoti tena. Kama ningejaribu shela hilo mbele ya kioo tu, nikiwa nimesimama wima, kasoro hiyo ningeigundua mbele ya mchungaji.

Kuhusu rangi, mhudumu mmoja wa duka jingine alikuwa amesisitiza kwamba shela la kanisani lazima liwe jeupe kabisa na kwamba lenye rangi ya krimu lingekataliwa. Niliuliza kwenye ofisi ya usharika wetu. Walichotaka ni mabega yafunikwe na kifua kisiwe wazi, na kuhusu krimu hawakuwa na neno lolote. Hata Malkia Victoria wa Uingereza, ambaye harusi yake ya tarehe 10 Februari 1840 ilisaidia sana kueneza desturi ya bibi harusi kuvaa nyeupe, alivaa satini ya hariri ambayo rangi yake ilikaribia krimu. Pale Sinza nilipata ya krimu, na mwenye duka mwenyewe ndiye aliyependekeza tuisogeze mlangoni tuiangalie kwa mwanga wa jua, kwa kuwa taa nyeupe za dukani hufanya krimu ionekane kama nyeupe na nyeupe ionekane kama ya bluu. Pia nilipapasa bitana. Mashela mengi ni ya poliesta, ambayo haipitishi hewa vizuri, na katika joto la Desemba anayevaa poliesta juu hadi ndani atakuwa ameloa kabla ya mahubiri kwisha. Langu lilikuwa na bitana ya pamba kifuani, na niliiona faida yake.

Malipo yanastahili kuelezwa, hasa kwa sisi ambao harusi zetu zinaendeshwa na kamati na michango inaingia kidogo kidogo hadi wiki ya mwisho. Kukodi kuligharimu shilingi 450,000, pamoja na dhamana ya shilingi 150,000 ya kurudishwa. Nililipa theluthi siku ya kuandikiwa tarehe, na zilizobaki nilizilipa kwa awamu mbili zilizotajwa kwenye mkataba. Fedha zote zilikwenda kwenye Lipa Namba ya duka, ambayo huonesha jina la biashara kabla hujathibitisha malipo, na kila awamu nilipewa risiti ya mashine ya EFD, ambayo mhazini wa kamati yetu aliipokea kwa furaha kubwa. Mkataba wenyewe ulikuwa ukurasa mmoja. Ulitaja namba ya shela, ulitaja kwamba likiharibika kabla ya siku yangu ningechagua jingine lolote la bei hiyo au ningerudishiwa fedha zote, na ulieleza ni uharibifu gani unaokatwa kwenye dhamana. Sehemu hiyo ya mwisho isomwe kwa makini popote pale. Mkataba unaosema "uharibifu wowote" unamruhusu mwenye duka kukata dhamana yote kwa sababu ya shanga tatu, ilhali huu wa kwangu ulitenganisha uchakavu wa kawaida na mambo kama kuungua, kuchanika na madoa ya mvinyo.

Ijumaa tulilichukua pamoja na msimamizi wangu, tukaikagua shingo na kwapa, ambako vipodozi na jasho vya aliyetangulia hujificha, tukalinganisha namba ya bitana na ile ya mkataba. Lilikuwa safi na lilikuwa lenyewe. Bandi zilidumu hadi mwisho wa sherehe, nami nilicheza sana. Jumatatu dada yangu alilirudisha. Yeye na mwenye duka walilikagua pamoja, shanga chache zilizodondoka zikahesabiwa kuwa uchakavu wa kawaida, na dhamana yote ikarudishwa kwenye simu yangu kabla ya jioni.

Duka hilo lina upungufu wake. Chumba cha kujaribia ni kidogo na kina feni moja tu, kwa hiyo mtu anatokwa jasho ndani ya magauni ambayo wengine watayavaa, na hilo linapaswa kurekebishwa haraka. Veli inalipiwa peke yake, nami niliambiwa hivyo nikiwa nimeshachagua shela. Lililonisikitisha zaidi ni kwamba wanawake wenye miili mikubwa wana mashela machache mno ya kuchagua. Nilimshuhudia dada mmoja akiondoka baada ya kuoneshwa magauni mawili tu, na wala hakuna lililomfunga, ilhali mimi nilikuwa na ukuta mzima. Nilimweleza mwenye duka, naye akasema ameagiza ya namba 20 na kuendelea. Binti wa shangazi yangu, anayeolewa baada ya Pasaka na anayevaa namba hizo, amekwisha kuandikiwa siku ya kwenda kujaribu, na nitaongeza hapa atakachokikuta.