Ramani za zamani za USGS, shiti za Boone, Iowa: nyota 4

Kama unapenda ramani au reli, ingia topoView, tovuti ya ramani ya USGS (idara ya serikali ya Marekani ya jiolojia na ramani), andika Boone, Iowa, yaani mji wa Boone jimbo la Iowa, halafu daunlodi zile shiti za mizani ya 1:24,000 (sentimita moja kwenye ramani ni mita 240 ardhini). Hulipi hata senti, na humo ndani kuna ramani zaidi ya 178,000 za Marekani nzima, kuanzia 1884 mpaka 2006.

Mimi mashamba ndiyo yameniteka kabisa. Ardhi yote imekatwa miraba ya maili moja kwa maili moja, eka 640 kila mraba, mambo yaliyoanza na sheria ya 1785, na barabara nazo zinapita humo humo mipakani, nyumba ni kidoti cheusi cha pembe nne, shule imewekewa kibendera, kanisa lina msalaba. Sasa fuata barabara moja kwenda kaskazini, kuna mahali inakata kona kidogo halafu inanyooka tena, usidhani mchoraji kakosea, dunia ni duara na mistari ya kwenda kaskazini inazidi kukaribiana kwa hiyo wapimaji ilibidi warekebishe njiani. Inapendeza sana!

Ukifika mto Des Moines kontua za kahawia, ile mistari ya kuonyesha mwinuko, zinabanana ghafla, na hapo ndipo reli ilipokuwa inapita juu kwenye daraja la Kate Shelley la 1901, futi 185 kwenda juu, mpaka 2009 treni zilipohamia daraja jipya la pembeni. Huyo Kate ni binti aliyetambaa usiku wa dhoruba mwaka 1881 kwenye daraja la zamani la mto huo mpaka stesheni ya Moingona, akawaambie wazuie treni manake daraja la kijito cha Honey Creek lilishabomoka. Moingona utaiona, kijiji kidogo tu.

Shuka kusini mpaka Madrid, tafuta reli inayovuka mto kwenda Woodward, leo hiyo ni njia ya baiskeli, daraja lake lilifunguliwa 2011.

Nyota moja nimekata sababu ya rangi ya zambarau, hayo ni masahihisho yaliyotolewa kwenye picha za ndege bila mtu kwenda kukagua, yamepakwa juu ya ramani nzuri na kuna sehemu yanafunika. JPEG nayo ukizum majina yanafifia, bora GeoTIFF, aina nyingine ya faili la ramani, japo inakula bando. Na ukienda kuprinti mwambie jamaa asiibane iingie kwenye karatasi, mizani yote itaharibika.