TAHADHARI: Pikipiki "mpya" Kariakoo zina bolti za ekzosi zilizokatika, kagueni kabla hamjalipa

Wakuu habari za saa hizi. Naandika kwa ajili ya wale wanaotaka kununua pikipiki siku hizi, hasa nyie mnaotoka mkoani mnashuka stendi ya Magufuli pale Mbezi na hela mfukoni mnanyoosha moja kwa moja Kariakoo. Kuna duka linauza pikipiki zinaitwa mpya, siti ina nailoni, namba bado haijafungwa, kumbe ekzosi (bomba la moshi pamoja na sailensa yake) imeshafunguliwa na kurudishwa kwa kubabaisha. Jina la duka silitaji, sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 ipo na mimi hela ya wakili sina. Aina ya pikipiki nayo siitaji, kiwanda hakijanikosea, aliyenikosea ni muuzaji. Nawaonyesha mchezo unavyochezwa, ukishaujua hata duka la pili hawakupigi.

Ipo hivi. Ni pikipiki iliyotengenezwa India, cc 150, nilimnunulia mdogo wangu apige boda huku Mbagala awe ananiletea hesabu ya elfu kumi kwa siku. Milioni tatu na ushee, keshi. Hata savisi ya kwanza ya kilomita 500 haijafika dogo akaanza kulalamika, bro hii kitu ukiiwasha asubuhi ikiwa ya baridi inalia tatatata kama sailensa imetoboka, ukishika mteremko ukaachia mafuta inapiga risasi mpaka watu kituoni wanageuka. Muuzaji kupigiwa simu akasema mpya zote zinakuwaga hivo, zitazoea. Eti zitazoea!

Tukaipeleka kwa fundi mmoja mzee pale Rangi Tatu. Mzee hata spana hakushika kwanza, akachuchumaa mbele ya injini akapitisha kidole pale bomba la moshi linapoingia kwenye silinda hedi (kile kichwa cha injini), kidole kikarudi cheusi tii. Akasema hapa panapumua. Sasa kwa wasiojua, pale kuna bolti mbili zisizo na kichwa zimechomekwa kwenye hedi, mafundi wanaziita stadi, alafu zinakazwa na nati za spana namba 10, katikati kuna gasketi ya duara. Basi. Ekzosi nzima kwa mbele imeshikwa na hivyo vidude viwili, na kwa nyuma inashikwa na bolti kubwa kwenye fremu karibu na anapokanyaga abiria.

Ya kushoto ipo, ila nati yake kona zimeliwa zimekuwa duara, yaani mtu ameshapambana nayo na spana isiyo saizi yake. Ya kulia haipo. Imekatikia ndani ya hedi, kisiki kimebaki humo, na juu yake wamepaka silikoni nyekundu ile ya kuzibia gasketi, alafu wakapulizia rangi nyeusi ili ukiangalia kwa juu uone nati. Mzee akaibandua kwa kucha ikatoka kama gamba la kidonda. Tukahamia nyuma, akachungulia kwa tochi ya simu, bolti kubwa hakuna, pamefungwa waya. Waya wa kufungia nondo wakuu, ule wa kwenye saiti za ujenzi, umezungushwa mara mbili ukakunjwa kwa ndani usionekane. Dogo alicheka kwanza, alafu akanyamaza maana yeye ndo anaipanda Kilwa Road na abiria nyuma.

Na hapo ndo hatari ilipo, sio kelele. Bolti ya nyuma isipokuwepo uzito wote wa sailensa unaning'inia kwenye zile stadi mbili ndogo za mbele, kila shimo unalopita bomba linazitikisa kama mtu anayeng'oa msumari. Sisi tulikuwa na moja, nayo nati yake imeliwa. Siku inaachia uko spidi, bomba linaanguka chini linakokota lami au linageukia kwenye tairi la nyuma, na sailensa yenyewe ni ya moto, mguu wa abiria uko hapo hapo. Achana na moshi wa moto unaopuliza mbele kwenye madigadi ya plastiki, na hewa inayonyonywa pale pa kuvuja ndo inayoleta ile milio ya risasi.

Muuzaji tulipomrudia na picha akaja na wimbo wake, kaka hizo ni barabara zenu mbovu za huko, mtetemo ndo umekata. Sasa nisikilizeni, mtetemo unalegeza nati, sawa, unaweza hata kukata stadi. Lakini mtetemo haupaki silikoni. Mtetemo hauingii hadwea kununua waya wa nondo. Na pale ilipokatika fundi alipasafisha tukapaona pameshashika kutu ya kahawia, ungekuwa mkato wa juzi ungekuwa unang'aa. Ile ilikatika ikiwa kwao. Nikamwambia hivo hivo, akageuza, eti kitu cha nati ya mia tano ndo unasumbulia watu, akatunyooshea kidole bango lake la "bidhaa ikiuzwa hairudishwi". Meseji nilizotuma baada ya hapo anazisoma, tiki za bluu naziona, ila amekula buyu.

Kwa nini ekzosi ya pikipiki mpya ifunguliwe? Zinakuja kwenye makreti hazijafungwa zote, vijana wa dukani ndo wanaunganisha, na kijana mwenye haraka anakaza stadi ndogo kwa spana ndefu kama anakaza nati za gurudumu la Fuso, inakatika, anaogopa kukatwa hela, anaziba. Hilo lipo na ni uzembe. Ila mimi naamini hapa kuna zaidi. Jirani ana pikipiki kama hii hii, tukaziweka pamoja, sailensa yake nzito ina mhuri wa kampuni umegongwa kwenye chuma, ya kwangu nyepesi, haina mhuri, weldingi imepindapinda. Yaani ile orijino wameitoa wakaiuza kivyake kama spea, mimi nikafungiwa ya kopi. Na ukishabadilisha sailensa kwa haraka lazima uziguse zile stadi. Kwa hiyo nati iliyoliwa kona ukiiona kwenye pikipiki mpya usiishie kwenye nati, jiulize ni nini kingine kimetoka. Angalia betri, angalia cheni, angalia tairi.

Matengenezo hayakuwa ya mia tano. Hedi ni aluminiamu, uzi wake unakufa kirahisi, ukikosea kutoboa umeua hedi. Ikabidi iende kwa fundi wa kukereza, akajaribu kuchomelea nati juu ya kisiki ili akizungushe kitoke, kikagoma, akatoboa katikati kwa biti ndogo taratibu akakitoa, akapitisha tepu, ile ya kukatia uzi wa bolti, ikawekwa stadi mpya, gasketi mpya, nati mpya, na bolti ya nyuma. Muda wote huo pikipiki imelala na hesabu hakuna.

Sasa nyie mkienda, nendeni na fundi wenu, fundi wa duka ni wa duka. Ikiwa ya baridi inama mbele kabisa, hesabu nati mbili, zishike kwa mkono, usiangalie kwa macho tu maana rangi inadanganya. Peleka mkono nyuma ya braketi ya sailensa, uikute ile bolti kubwa na sio waya. Ingiza kidole kwenye mdomo wa sailensa, mpya inakuwa na masizi kidogo sana ya kujaribia, ikitoka mkono mweusi hiyo imetembea. Usiamini kilomita za kwenye spidi mita, hizi za waya unachomolewa kwenye gurudumu la mbele na pikipiki inakwenda kokote ikiwa imelala sifuri. Vile vinyweleo vya mpira kwenye tairi havidanganyi, vimeisha katikati ujue imeshachapa lami. Alafu iwashe, ziba mdomo wa sailensa kwa kitambaa sekunde chache, ikiwa pale mbele inafoka tss tss panavuja. Ukikatazwa kuiwasha ondoka.

Risiti. Walitaka kunipa ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, yenye milioni moja na laki nane, eti ya kamili inaongeza kodi, nikakomaa pale kaunta mpaka ikaandikwa hela niliyolipa. Komaeni na nyie, maana siku ya kudai utadai kilichoandikwa. Na namba ya injini na chesesi zisomwe kwenye chuma, mlinganishe na karatasi kabla ya usajili wa TRA, mamlaka ya mapato.

Lile bango la hairudishwi lisiwatishe. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mteja kuhusu hali ya bidhaa, na FCC, yaani Tume ya Ushindani, wanapokea malalamiko ya walaji. Mimi nimeshaandaa barua, risiti, picha za ule waya na kile kisiki nimekihifadhi kwenye kifuko. Kama ulinunua Kariakoo hivi karibuni, ikaja na silikoni nyekundu kwenye hedi au waya nyuma ya sailensa, usiitengeneze kabla hujapiga picha, alafu njoo inboksi tulinganishe risiti, tukiwa duka moja tupeleke malalamiko pamoja.