Risasi za Nguvu Ndogo kwa Bastola Kuukuu: Tazama Kwanza Masalia ya Baruti

Lalamiko linalojirudia miongoni mwa wenye bastola ndogo za silinda zinazotumia risasi aina ya .38 Special, hasa zile kuukuu kama Colt Detective Special iliyoanza kutengenezwa mwaka 1927 au Smith & Wesson Chiefs Special ya mwaka 1950, ni kwamba walinunua risasi za nguvu ndogo ili kuipunguzia bastola kazi na mkono maumivu, lakini kabla boksi la pili halijaisha silinda ikagoma kufunga au ikawa nzito kuzunguka. Wengi hukimbilia kwa fundi, na mara nyingi fundi hakuti kilichovunjika. Anakuta chembe za baruti isiyoungua zimejibana chini ya nyota, yaani kile kipande kilicho nyuma ya silinda kinachosukuma maganda nje.

Kwa hiyo sitapoteza muda juu ya shabaha, kwa kuwa mtutu wa sentimita tano unaikosesha bastola shabaha kabla risasi haijalaumiwa. Wala sitarefusha maneno juu ya alama ya +P, yaani risasi yenye mgandamizo mkubwa kuliko kawaida, iliyoanza kutumika katika miaka ya 1970: bastola hizi zilibuniwa kabla yake, na boksi lenye alama hiyo libaki dukani. Jambo moja tu la usalama lisirukwe, nalo ni kusoma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu, kwa sababu .38 S&W na .38 Special ni risasi mbili tofauti ambazo hazibadilishani, ingawa wauzaji wasiojali huzitaja kana kwamba ni mtu na pacha wake.

Chanzo cha uchafu ni ganda lenyewe. Risasi ya .38 Special ilipobuniwa mwishoni mwa karne ya 19, ganda lake lilipimwa kwa baruti nyeusi, ambayo hujaza nafasi kubwa. Baruti ya kisasa inayotosha kwa risasi ya nguvu ndogo hukaa chini kabisa kama chumvi kwenye sakafu ya ghala. Mgandamizo ukiwa mdogo, baruti haiungui yote, na kuta za ganda hazitanuki vya kutosha kuiziba chemba, hivyo masizi hurudi nyuma na maganda hutoka kwa shida. Ongeza hapo kwamba fimbo ya kutolea maganda katika bastola fupi ni fupi kuliko ganda lenyewe, na kwamba mwenye bastola huisukuma polepole huku mtutu ukielekea chini, nawe utaelewa jinsi chembe zinavyopata njia ya kuanguka mahali pabaya kuliko pote.

Nafasi ya kwanza naipa bila kusita risasi yenye kichwa bapa cha greni 148, sawa na gramu 9.6, ambayo boksi lake huwa na herufi WC, kifupi cha wadcutter. Kichwa chake huzamishwa hadi kulingana na mdomo wa ganda, na kwa kuzama huko hula nafasi iliyokuwa tupu, hivyo baruti kidogo huungua katika chumba kidogo. Huo ndio upole wa busara, na ni tofauti kabisa na kupunguza baruti huku ganda likiachwa na pengo. Katika kundi hili ninaipendelea waziwazi Federal Gold Medal Match, ambayo mtengenezaji huitaja kwa mwendo wa futi 690 kwa sekunde, takriban mita 210. Mshtuko wake ni mdogo kiasi kwamba mtu hufanya mazoezi ya kuvuta kifyatulio bila kukunja uso, na chini ya nyota sijaona nyingine inayoacha masalia machache kuliko hiyo. Anayeona nampigia debe hajakosea. Kasoro yake ni kwamba haina ncha ya kuiongoza kuingia chemba, kwa hiyo kuijaza huchukua muda, jambo lisilo na uzito wowote uwanjani.

Winchester Super-X na Magtech za kichwa bapa hicho hicho, zote mbili zikitajwa kwa futi 710, zinafuata kwa karibu. Nyuma yake naweka risasi ya kawaida ya greni 158 yenye kichwa cha mviringo cha madini ya risasi (lead), inayokwenda futi 755 hivi. Hii hupiga mkono zaidi, lakini ndiyo iliyokusudiwa kwa bastola hizi tangu mwanzo, na kwa kuwa ina mgandamizo zaidi huteketeza baruti yake vizuri. Zile za nguvu ndogo kabisa zinazotengenezwa kwa michezo ya kulenga shabaha kwa mavazi ya cowboy naziweka mwishoni, kwa sababu hupatikana kwa kupunguza baruti tu na kuliacha lile pengo. Za bei ya chini zilizojazwa upya na mtu usiyemjua, ziache.

Kabla ya kununua nyingi, nunua boksi moja, fyatua silinda nzima, kisha yatoe maganda juu ya karatasi nyeupe na uhesabu chembe zilizoanguka. Wakati wa kuyatoa, elekeza mtutu juu na uipige fimbo mara moja kwa kiganja, kwa nguvu. Chini ya nyota pasuguliwe kwa brashi kavu na pasitiwe mafuta, maana mafuta huzikusanya chembe. Mlio ukisikika hafifu kuliko kawaida, acha kufyatua, toa risasi zote na uchungulie mtutu kabla ya lolote jingine, kwani kichwa kinaweza kuwa kimekwama humo. Mikono nayo ioshwe kabla ya kula, kwa sababu madini ya risasi ni sumu.

Lililobaki ni bei, na hapo sina subira. Risasi ya kichwa bapa ina baruti kidogo na haina koti la shaba, lakini huuzwa ghali kuliko ile yenye baruti zaidi na koti, na maelezo ya muuzaji ni kwamba hiyo ni ya mashindano. Mwenye bastola kuukuu hashindani na mtu. Anapouliza kwa nini, huelekezwa kwenye rafu ya +P iliyopunguzwa bei, na muuzaji huyo huyo hajamuuliza bastola yake ilitengenezwa mwaka gani.