Darasa la jioni Moshi: hatimaye nimeelewa "to" na "-ing"

Nakaa mapokezi kwenye hoteli moja hapa Moshi, na barua pepe za wageni wanaokuja kupanda Kilimanjaro najibu mimi. Mwezi wa tatu niliiandikia familia moja: "We stop to serve breakfast at ten." Nilitaka kusema chai inaisha saa nne asubuhi. Wao wakaelewa kwamba saa nne ndipo tunasimamisha shughuli nyingine ili tuandae chai. Wakashuka na watoto wawili, meza zimeshafutwa. Iliniuma sana. Wiki hiyohiyo nikajiandikisha darasa la Kiingereza la jioni, jirani na stendi, shilingi 80,000 kwa mwezi.

Mwalimu anaanzia kwenye Kiswahili, na hapo ndipo aliponishika. Aliandika "kusoma" ubaoni akauliza: ni kitendo au ni jina? Maana tunasema "nataka kusoma", na tunasema "kusoma kunanifurahisha". Ku- yetu inabeba yote mawili. Kiingereza kimeyagawa: want to read, lakini enjoy reading. Sekondari tulikaririshwa orodha tu, na miaka yote hiyo nililaumu kichwa changu.

Kisha akatupa mfano wa kufunga mlango. Remember to lock it: bado hujafunga, usisahau. I remember locking it: ulishafunga, unakumbuka tu. To mara nyingi inatazama mbele, alisema, ila msiifanye sheria, kwa sababu avoid na finish zinataka -ing hata kama jambo liko mbele.

Somo lililonifaa zaidi ni la "I look forward to hear from you", sentensi niliyofungia barua zangu zote. To ile ni kihusishi, si ile ya want to read. Weka nomino uone: look forward to your reply. Nomino ikikaa vizuri, kitenzi nacho kivae -ing: hearing.

Kasoro zipo. Tuko zaidi ya 30 chumba kimoja, wa nyuma hawasikii, fotokopi za mazoezi zimefifia, na muda wa kuongea haufiki hata robo saa. Mwenye kituo agawe darasa, tafadhali. Anayetaka kuzoesha ulimi atafute kwingine; anayeandika kazini aende, awahi viti vya mbele.

Mimi nimeshalipia mwezi wangu wa tatu wa darasa. Karatasi ya mapokezi sasa inasomeka: "We stop serving breakfast at ten."